Stanley wa Ujiji na akina Stanley wengine

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Kigoma. Huwa nawapeleka wanafunzi Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone, na safari hii mmoja wao aliniuliza swali lililonishinda. Je, Stanley aliyemkuta Livingstone hapa kwetu ndiye mwenye mji wa Stanley wa Visiwa vya Falkland, Kombe la Stanley la Canada, hoteli ya Stanley ya Nairobi, Mlima Stanley wa Rwenzori na zile chupa za chai za Stanley? Kama si yeye, ni ndugu zake? Nauliza pia kwa ajili yangu. Babu yangu mzaa baba alibatizwa Stanley, na sasa jina hilo ndilo la mwisho kwenye vyeti vyangu. Tuna uhusiano wowote na watu hawa?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na majibu ya mkato ili uwe na la kuwaambia vijana. Mlima wa Rwenzori na hoteli ya Nairobi vina jina la huyo huyo wa Ujiji, Henry Morton Stanley. Mji wa Falkland na kombe la Canada ni vya mtu na mwanawe, mabwana wakubwa wa Uingereza, ambao hawakuwa na undugu wowote na mtu wa Ujiji. Chupa ya chai ni ya Mmarekani aliyekuwa mtaalamu wa umeme.

Sasa niseme kwa nini sitaishia hapo. Huyo Stanley ambaye Afrika Mashariki inamjua kuliko wote ndiye ambaye hakuzaliwa na jina hilo. Alijichukulia ukubwani. Na wale waliozaliwa nalo waliigusa pwani yetu pia, tena mara kadhaa, kwa sheria na mikataba na hata kwa tafsiri ya vitabu, lakini shuleni hatuwataji. Ndiyo maana mimi huwashauri wanafunzi wa nasaba waanze na swali moja kwa kila mwenye jina: wewe, jina hili ulilipataje?

Stanley lilikuwa jina la mahali kabla ya kuwa la mtu. Kwa Kiingereza cha kale lilitaja uwanda wa mawe uliofyekwa msituni, na mahali pa namna hiyo palikuwa pengi. Kuna Stanley ya Staffordshire, ya Derbyshire, ya Durham, ya Yorkshire, na Gloucestershire kuna vijiji viwili vyenye jina hilo vilivyopakana. Waingereza walijenga desturi ya majina ya ukoo polepole, katika karne chache baada ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066. Mtu aliyehama kijijini kwake aliitwa kwa jina la alikotoka, na watoto wake wakabaki nalo. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa walikuwapo akina Stanley wa huku na akina Stanley wa kule ambao babu zao hawakuwahi kuonana. Mtu akikwambia kwamba kila Stanley wa Uingereza ni wa ukoo wa mabwana, usimsadiki.

Ukoo wa mabwana upo, na ulianzia Staffordshire katika karne ya 12, kama tawi la watu walioitwa Audley. Uliinuka kwa ndoa nzuri na kwa kujua upepo wa siasa unavumia wapi. John Stanley alimwoa Isabel, mrithi wa mashamba ya Lathom huko Lancashire, na mwaka 1405 Mfalme Henry wa Nne akampa Kisiwa cha Man. Ushuru wake ulikuwa mwepesi ajabu: vipanga wawili wa kuwindia, wapelekwe kwa kila mfalme mpya siku ya kutawazwa. Wazao wake walikishika kisiwa hicho, isipokuwa vipindi vichache, hadi 1736, wakakitawala karibu kama wafalme.

Tukio lililowapaisha kabisa lilitokea tarehe 22 Agosti 1485 katika uwanja wa vita wa Bosworth. Mfalme Richard wa Tatu alikuwa akipambana na Henry Tudor, kijana aliyerudi kutoka uhamishoni kudai kiti. Thomas Stanley alikuwa na askari wengi, na alikuwa amemwoa mama mzazi wa Henry, Margaret Beaufort. Richard aliliona hilo, akamshika mateka George, mwana wa Thomas, ili baba asithubutu kugeuka. Thomas akasimama pembeni na jeshi lake, hajiungi na huyu wala yule. Richard alipoamua kumaliza vita kwa kumvamia Henry moja kwa moja na wapanda farasi wake, ndugu yake Thomas, William Stanley, akashuka na watu wake na kuingia upande wa Henry. Richard akauawa hapo hapo. George alinusurika. Inasimuliwa kwamba ni Thomas aliyemvika Henry taji palepale uwanjani, na baada ya miezi miwili Thomas alikuwa Erli wa Derby, cheo cha kurithi cha mabwana wa Uingereza. William, ambaye ndiye aliyeokoa siku ile, alikatwa kichwa mwaka 1495 kwa amri ya mfalme huyo huyo, baada ya kutuhumiwa kumuunga mkono mtu mwingine aliyedai kiti. Mimi hukaa sana kwenye kisa hiki nikifundisha, kwa sababu kinaonyesha jinsi familia moja ilivyopanda hadi juu kabisa kwa kusubiri, na gharama iliyolipwa na mmoja wao.

Tangu hapo shika sana neno Derby. Akina Stanley wakubwa huonekana vitabuni kwa cheo hicho, si kwa jina la ukoo, na ndiyo maana msomaji wa kawaida hawaoni. Erli wa 12 alianzisha mbio za farasi za Epsom mwaka 1780, zikaitwa Derby kwa heshima yake. Aliyeshinda mara ya kwanza alikuwa farasi Diomed, mali ya rafiki yake Charles Bunbury. Mbio hizo zilipata umaarufu mkubwa hata jina likahamia kwenye mashindano mengine ya kukata na shoka, na kwa maelezo yanayokubalika zaidi ndiko ilikotoka dabi tunayoitaja Simba na Yanga wanapokutana. Wanafunzi wako wanaofuatilia Ligi Kuu ya Uingereza waambie pia kwamba bustani iliyo kati ya viwanja vya Anfield na Goodison Park kule Liverpool huitwa Stanley Park, kwa sababu ya ukoo huo. Liverpool na vitongoji vyake vilikuwa eneo lao. Erli wa 13, ambaye mapenzi yake yote yalikuwa kwa wanyama na ndege, alipofariki mwaka 1851 aliuachia mji huo mkusanyiko wake, na jumba la makumbusho la Liverpool likaanza hivyo.

Mwana wa huyo mpenda ndege, Edward, Erli wa 14, ndiye mwenye mji wa Falkland. Alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara tatu: 1852, 1858 hadi 1859, na 1866 hadi 1868. Kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Makoloni kwa vipindi viwili, na humo ndimo majina yalimogawiwa. Mji mkuu mpya wa Falkland ulipoanza kujengwa mwaka 1843, gavana aliupa jina la waziri wake wa London. Vivyo hivyo mji wa Stanley ulio kusini mwa kisiwa cha Hong Kong, na mwingine Tasmania. Edward hakwenda Falkland hata siku moja. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya dola ile: mtumishi aliye mbali humpendeza bosi wake kwa ramani.

Kwetu sisi jambo kubwa zaidi la Edward huyo ni la mwaka 1833. Ni yeye aliyewasilisha bungeni mswada wa kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza, akiwa bado kijana wa miaka 30 na kidogo. Sheria ilianza kazi tarehe 1 Agosti 1834 na iliwahusu watu takriban 800,000, wengi wao wa visiwa vya Karibi. Wafundishe vijana pande zake zote. Wenye watumwa walilipwa fidia ya pauni milioni 20, fedha nyingi mno kwa wakati huo. Watumwa wenyewe hawakulipwa hata senti, na isipokuwa watoto wadogo, walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wale wale bila ujira kwa jina la uanagenzi, mpaka 1838. Zanzibar haikuwemo, kwa kuwa haikuwa koloni la Uingereza. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, miaka 40 baadaye.

Hapo ndipo anapoingia mwana wa Edward aliyerithi cheo, Erli wa 15, naye akiitwa Edward Stanley. Huyu alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 1874 hadi 1878. Sultani Barghash bin Said alipozuru London katikati ya 1875, serikali iliyompokea waziri wake wa mambo ya nje alikuwa Stanley, na nyongeza ya mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa ilitiwa saini London mwezi Julai mwaka ule. Barua nyingi za balozi John Kirk kutoka Zanzibar za miaka hiyo zimeandikwa kwa "Erli wa Derby". Ni huyu. Ukiweka tarehe pamoja utaona jambo la kupendeza: katika miezi ile ile Stanley wa Ujiji alikuwa Ziwa Victoria na mashua yake, akisukumwa makasia na raia wa Barghash. Sultani mmoja alishughulika na Stanley wawili kwa wakati mmoja, na hawakuwa na uhusiano.

Mdogo wa waziri huyo, Frederick, alikwenda Canada kuwa Gavana Mkuu kati ya 1888 na 1893. Wanawe walipenda sana mpira wa magongo wa barafuni, na mwaka 1892 baba akatoa kikombe cha fedha kishindaniwe. Timu ya Montreal ilikitwaa ya kwanza mwaka 1893. Bustani kubwa ya Vancouver nayo ni yake. Basi.

Na kabla sijautoka ukoo huu, mtaje pia Oliver Stanley, mwana wa Erli wa 17. Alikuwa Waziri wa Makoloni kuanzia 1942 hadi 1945, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar zote zilikuwa chini ya wizara yake wakati babu zetu wakipigana Burma ndani ya KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Mwezi Julai 1943 aliliambia bunge kwamba nia ya serikali ni kuziongoza nchi za makoloni kufikia kujitawala, ila ndani ya dola ya Uingereza. Wapigania uhuru waliikumbuka nusu ya kwanza ya kauli hiyo.

Sasa nikupe Stanley ambaye mimi binafsi natamani kila mtu wa pwani amjue. Ukoo wa Derby ulikuwa na tawi dogo lililokaa Alderley, Cheshire. Humo alizaliwa Henry Edward John Stanley, mwaka 1827. Alijifunza Kiarabu na lugha nyingine za Mashariki, akafanya kazi ya ubalozi, na katika miaka ya mwisho ya 1850 akasilimu na kuchukua jina la Abdul Rahman. Familia yake ilifadhaika. Lakini ndiye mwana mkubwa, na baba alipofariki mwaka 1869 alirithi ubaroni pamoja na kiti katika Baraza la Malodi, akawa Mwislamu wa kwanza kuketi humo. Aliishi na imani yake mpaka mwisho. Alifariki tarehe 11 Desemba 1903, ndani ya mwezi wa Ramadhani, akazikwa Kiislamu kwenye ardhi yake ya Alderley.

Kazi yake inatuhusu moja kwa moja. Mwaka 1866 alitoa kwa Kiingereza maelezo ya Mreno Duarte Barbosa kuhusu pwani ya Afrika Mashariki na Malabar, yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 16. Humo ndimo Kilwa, Mombasa, Malindi, Pemba na Unguja vinamoelezwa na mtu aliyeishi miaka ile ile Wareno walipoipiga pwani yetu. Mwaka 1869 akatoa tafsiri ya safari za Vasco da Gama. Wasomi wa historia ya Waswahili waliotumia Kiingereza walitegemea kazi hizo kwa miongo mingi. Kwa hiyo, kabla Stanley wa Ujiji hajatia mguu Bagamoyo, Stanley mwingine, Mwislamu, alikuwa amekwisha kuwafungulia Waingereza habari za miji yetu ya mawe.

Alikuwa pia na mashamba katika kisiwa cha Anglesey, kaskazini mwa Wales, na aligharimia ukarabati wa makanisa ya wapangaji wake. Ukifika kanisa dogo la Llanbadrig, juu ya bahari, utakuta vigae vya buluu na michoro ya maumbo ya kijiometri kwa mtindo wa misikiti. Ni fedha ya Abdul Rahman. Na usidhani yeye peke yake alikuwa na msimamo wa kipekee nyumbani kwao: mdogo wake Algernon aliingia Ukatoliki akawa askofu, dada yake Rosalind aliongoza kampeni kali dhidi ya pombe, na dada yao mwingine, Kate, ndiye mama wa mwanafalsafa Bertrand Russell.

Binamu wa baba yao, Arthur Penrhyn Stanley, alikuwa kasisi, na kuanzia 1864 alikuwa mkuu wa Abasia ya Westminster, London. Huyu anatufikisha kwenye siku ambayo majina yaligongana hadharani. Tarehe 18 Aprili 1874 mwili wa Livingstone, uliobebwa na Chuma, Susi na wenzao kutoka Chitambo hadi pwani, ulizikwa ndani ya abasia hiyo. Aliyeongoza mazishi alikuwa Arthur Stanley. Miongoni mwa walioshika jeneza alikuwa Henry Morton Stanley, pamoja na Jacob Wainwright, kijana Mwafrika aliyesafiri na mwili huo. Kasisi aliyezaliwa Stanley na mwandishi wa gazeti aliyejiita Stanley walikuwa hatua chache kutoka kwenye kaburi moja, na msomaji wa gazeti asiyejua angeweza kuwadhania mtu na nduguye.

Huyu wa pili alizaliwa Denbigh, kaskazini mwa Wales, tarehe 28 Januari 1841. Kitabu cha kanisa kiliandika jina lake John Rowlands, na pembeni kikasema ni mtoto wa nje ya ndoa. Mama yake, Elizabeth Parry, hakumlea. Akiwa na miaka sita alipelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph kwa kudanganywa kwamba anakwenda kwa shangazi, akakaa humo hadi 1856. Mwishoni mwa 1858 alipanda meli Liverpool kama mvulana wa kazi, akashukia New Orleans na kutoroka.

Mji ule ulikuwa na mfanyabiashara wa pamba wa Kiingereza, mtu wa heshima, Henry Hope Stanley. Kijana Rowlands baadaye aliandika kwamba mfanyabiashara huyo alimpenda, akamfanya mwanawe na kumpa jina lake, kisha akafariki mwaka 1861. Watafiti walioichunguza hadithi hiyo wameona haisimami. Henry Hope Stanley alikuwa hai mpaka 1878, na hakuna ushahidi kwamba aliwahi kumlea kijana huyo. Inaelekea alilipenda jina la mtu aliyemwona ana hadhi, akalivaa. La kati nalo alilitafuta kwa muda: alijaribu Morley, Morelake na Moreland kabla ya kutulia kwenye Morton. Mimi simlaumu kwa hilo. Mtoto aliyeandikwa vile kanisani, katika nchi iliyomkumbusha kila siku, alikuwa na sababu ya kutaka kuanza upya. Ninachomlaumu ni mambo mengine, hasa damu iliyomwagika njiani mwake na kazi aliyomfanyia Mfalme Leopold kule Kongo kuanzia 1879.

Kuna jambo moja dogo ambalo vitabu vya shule huliruka. Mwaka 1871, akiwa Unyanyembe karibu na Tabora, mfanyabiashara Mwarabu alimpa zawadi ya mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu Mali. Stanley hakulipenda jina, akawaita wapagazi wake watoe mapendekezo, na mtoto akaitwa Kalulu. Alimchukua hadi Uingereza na Marekani, akamsomesha kidogo, kisha akarudi naye kwenye safari ya kuvuka bara. Kalulu alizama katika maporomoko ya Mto Kongo mwezi Machi 1877, na Stanley akayapa maporomoko hayo jina lake. Ndugu Mali likasahaulika. Mwenye kujipa jina alikuwa mwepesi wa kugawa majina, kwa watu na kwa mito.

Safari hiyo ya kutoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874 hadi Boma mwezi Agosti 1877 ilibebwa na watu wa Zanzibar na wa mrima. Manwa Sera aliwaongoza wapagazi, na Uledi alikuwa nahodha wa mashua. Wazungu watatu walioandamana naye walikufa wote, na Waafrika waliokufa au kupotea ni wengi zaidi. Hamed bin Muhammad, Tippu Tip, alimsindikiza kutoka Nyangwe sehemu ya njia, na katika kumbukumbu za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili analalamika kwamba ahadi alizopewa hazikutimizwa. Wape wanafunzi wako majina haya pamoja na la Stanley, kwa sababu bila hao asingefika popote.

Ramani ya Kongo ilijaa jina lake, na imemvua karibu lote. Stanleyville imekuwa Kisangani tangu 1966, Stanley Pool ni Pool Malebo, na maporomoko ya Stanley ni Boyoma. Sanamu yake ya Kinshasa iliangushwa wakati wa Mobutu. Mlima umebaki: kilele chake cha Margherita, mita 5,109, kipo mpakani mwa Uganda na Kongo, na aliyeupa jina la Stanley ni mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, Mtawala wa Abruzzi, alipoupanda mwaka 1906. Hoteli ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1902 na Mayence Bent, mji ukiwa bado kambi ya reli. Stanley mwenyewe alifariki tarehe 10 Mei 1904. Alitaka azikwe Westminster karibu na Livingstone. Arthur Stanley alikuwa amekwisha kufa zamani, na mkuu mpya wa abasia alikataa. Kaburi lake lipo kijiji cha Pirbright, chini ya jiwe kubwa la asili lisilochongwa sawasawa, lililoandikwa jina lake, jina la Bula Matari alilopewa Kongo, miaka yake, na neno Afrika.

Akina Stanley wa Marekani nitawapitia mbio. William Stanley alionyesha mwaka 1886, katika mji wa Great Barrington, jinsi transfoma zinavyoweza kusambaza umeme mitaani, na mwaka 1913 akabuni chupa ya chuma isiyopoteza joto. Hiyo ndiyo chupa ya wanafunzi wako. Tepu za kupimia na visu vya mafundi ni vya kampuni nyingine kabisa, iliyoanzishwa na Frederick Stanley mwaka 1843 huko Connecticut. Mapacha Francis na Freelan Stanley waliunda magari ya mvuke, na mwaka 1906 moja likakimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Wendell Stanley alipata Nobel ya kemia mwaka 1946 baada ya kufanikiwa kukigeuza fuwele kirusi kinachosababisha batobato ya tumbaku. Waroma wa Uingereza, yaani Majipsi, wale waliokuwa wakihamahama na farasi, nao wana ukoo mkubwa wa Stanley; mmoja wa viongozi wao wa Marekani, Matilda Stanley, alizikwa Dayton, Ohio, mwaka 1878 mbele ya umati wa maelfu. Hudhaniwa kwamba walichukua majina ya mabwana wa maeneo waliyopitia, kujipatia kinga.

Nimefika kwa babu yako. Damu ya hawa hamna, na hilo unalijua. Lakini jina limetoka mahali, na panatafutika. Stanley lilianza kupewa watoto kama jina la kwanza huko Uingereza katika karne ya 19, na sifa za mtu wa Ujiji zililisambaza sana. Barua yake ya 1875, aliyoiandika akiwa kwa Kabaka Mutesa, ndiyo iliyowaleta wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Waanglikana, Uganda mwaka 1877, kwa hiyo miongoni mwa Waanglikana lilikuwa jina la kuheshimika. Kama babu alibatizwa na Waanglikana wa Kasulu au kwingineko, huenda alipewa Stanley hilo hilo, pengine la mmisionari au la msimamizi wake wa ubatizo. Kitabu cha ubatizo huandika jina la msimamizi, litazame kwanza.

Kama alibatizwa na Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki ambao walifika Ujiji mwaka 1879, tafuta kwa namna nyingine. Wao walisisitiza majina ya watakatifu na waliandika vitabu vyao kwa Kilatini, na Stanley si mtakatifu wao. Unaweza kukuta ameandikwa Stanislaus, jina la askofu shahidi wa Poland, kisha karani wa serikali au mwalimu wa shule akalifanya Stanley baadaye. Ikiwa ni hivyo, jina lako halijawahi kupita Uingereza wala Ujiji. Nenda parokia aliyobatizwa, taja mwaka wa kukisia, jina la baba yake na kijiji, na uombe uonyeshwe mstari wenyewe badala ya cheti kipya, kwa sababu cheti huandikwa upya kwa tahajia ya leo. Na ukiwa hapo, angalia safu ya jina la nyumbani, lile alilokuwa nalo kabla ya maji ya ubatizo. Hilo ndilo la ukoo wenu.